Jumamosi na Baba Mkwe: Nairobi Iliyozaliwa na Reli

Hebu nikuulize: ni lini mara ya mwisho uliinua macho ukiwa katikati ya Nairobi? Usijibu haraka. Watu wakishuka matatu, mkono mmoja umekamata mkoba, simu imefichwa, macho yako chini yanatafuta mashimo na wezi. Siwalaumu. Lakini mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu ukipita Mji wa Kale bila kutazama milango na roshani, watu watajua wewe mgeni. Nimeolewa bara mwaka wa kumi na moja sasa, na tabia ya kutazama juu sijaiacha. Juu ya duka la simu, pale ambapo kibao cha plastiki kinaishia, utaona tao la jiwe. Juu ya duka la viatu, jina la mfanyabiashara wa Kihindi limechongwa ukutani pamoja na mwaka aliojenga. Chini ni leo, juu ni zamani, na katikati yake ni waya za umeme zimening'inia kama kamba za kuanikia nguo.

Mume wangu haoni hivyo. Kazi yake ni makadirio ya ujenzi. Akiona ukuta anahesabu mifuko ya saruji. Kwake yeye, nyumba ya ghorofa mbili katikati ya jiji ni pesa zimelala. "Hicho kiwanja kinabeba ghorofa ishirini," huniambia, "na wewe unakililia kama maiti." Tumebishana juu ya jambo hili mezani, kitandani, hata njiani tukienda harusini kwa watu. Na tusidanganyane, hoja anayo. Mwenye nyumba ya zamani analipa kodi ya ardhi ya mjini, paa linavuja, mpangaji wa chini halipi kwa wakati, na wa juu hayupo kwa sababu ngazi zimeoza. Mtu kama huyo akiletewa bei na mjenzi wa maghorofa, utamwambia nini? Kwamba jiwe lake ni zuri?

Basi bwana, mwaka huu likazuka jambo lililotutoa nyumbani sote. Baba mkwe ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kwenda, na la kulia daktari analilinda kwa dawa za matone. Mzee amefanya kazi ya reli maisha yake yote. Alianza kama karani wa tikiti enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, lilipovunjika mwaka 1977 akabaki upande wa Kenya, na alistaafu akiwa stesheni masta. Voi, Makindu, Athi River, Nakuru, kote huko amelala. Tulipomuuliza anataka nini siku ya kuzaliwa kwake, hakutaka suti wala keki. Alisema, "Nipelekeni mjini nikatazame. Nikatazame vizuri, kabla hili jingine halijafunga."

Naomba uelewe kwamba mume wangu na baba yake si watu wa kuongea. Wanapendana, sikatai. Lakini mazungumzo yao ni ya M-Pesa: "Umepata?" "Nimepata." "Umekula dawa?" "Nimekula." Akina dada mlioolewa mnajua aina hii ya wanaume. Siku nzima mjini, watatu, kwa miguu? Nilijiambia, leo mazungumzo yote nitayabeba mimi.

Tulianzia stesheni, na ndipo pa kuanzia kwa yeyote, kwa sababu bila stesheni Nairobi isingekuwepo. Reli ilianza kujengwa kwetu Mombasa mwaka 1896. Mwishoni mwa Mei 1899 vyuma vilifika mahali pa tambarare penye majimaji, ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji yake ya baridi. Hapakuwa mahali pa kuweka mji. Lakini mbele yake ardhi inaanza kupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa, na wahandisi walitaka uwanja wa kupanga mabehewa, karakana na vifaa kabla ya kuanza kupanda. Ndiyo sababu yote. Mji mkuu wa Kenya ulianza kama stoo. Mwaka huohuo makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa, na miaka michache baadaye serikali nayo ikafuata. Sisi watu wa Pwani hatujasahau, ila tu hatupendi kusema.

Jengo la stesheni si la kukutisha. Ni la chini, limejinyoosha, limetulia kama mzee aliyekaa barazani. Treni ya usiku ya kwenda Mombasa, ile ya vitanda na mezani vyombo vizito, ilimaliza safari zake mwaka 2017 ilipoingia reli mpya, na stesheni yake kubwa ikawekwa Syokimau. Hapa zilibaki treni za wafanyakazi wa asubuhi na jioni. Mzee alisimama pembeni ya jukwaa, akavuta hewa kwa pua. "Harufu imebadilika," akasema. "Zamani ilikuwa makaa." Halafu, bila kuulizwa na mtu, akaanza kumweleza mwanawe jinsi tikiti ilivyokuwa kadi ndogo ngumu, na jinsi mashine ya kugonga tarehe ilivyomvimbisha kidole gumba. Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama reli.

Hatua chache kutoka hapo kuna makao makuu ya reli, ya mwishoni mwa miaka ya 1920, yenye nguzo zake zilizopangwa kama askari wa gwaride. Mchoro ni wa Herbert Baker, yule Mwingereza aliyechora majengo ya serikali kule Pretoria na New Delhi. Ukilitazama utaelewa reli ilikuwa nani wakati ule: serikali ndani ya serikali. Na ukiwa na watoto usiache makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Kuna behewa ambalo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alitolewa na simba usiku pale Kima mwaka 1900. Alikuwa amelala humo akimvizia simba yuleyule. Watoto wangu walisimuliwa mara moja na bado wanaliota.

Kutoka stesheni tulipanda Moi Avenue. Zamani iliitwa Station Road, kisha Government Road, na ukisimama chini yake unaona kwa nini: ni barabara iliyochorwa moja kwa moja kutoka mlango wa treni. Mji wa kwanza hapa ulikuwa wa mahema, mbao na mabati. Mabati yale yalipendwa kwa sababu yalikuja kwa meli yakapakiwa treni, yakasimamishwa kwa siku mbili. Lakini yalikuwa joto mchana, baridi usiku, na panya chini ya sakafu. Mwaka 1902 tauni iliingia kwenye bazaar ya Wahindi, na wakubwa wakaamua dawa ni moja: bazaar nzima ikatiwa moto. Baada ya hapo, pole pole, jiwe likachukua nafasi ya bati. Jiwe la kijivu la hapahapa Nairobi, lililochimbwa na kuchongwa kwa nyundo na patasi.

Nani alichonga? Swali hili mume wangu aliliuliza mwenyewe, na nikafurahi mpaka nikamshika mkono. Reli ilileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India kwa mkataba. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, zaidi ya 6,000 wakabaki, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara na mafundi kwa nauli zao wenyewe. Mikono hiyo ndiyo iliyojenga Nairobi ya mawe, pamoja na mikono ya Waafrika waliobeba, kuchimba na kukoroga chokaa, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya mlango wowote. Ndiyo maana nyumba za Moi Avenue, River Road na mitaa ya ndani zina sura ileile: duka chini, familia juu, baraza la kukinga jua na mvua, na kipaji cha mbele kilichopambwa hata kama nyuma ni matofali matupu. Mume wangu alisema huo ni ujanja wa bajeti. Unaweka pesa pale jicho linapofika. Nilimwambia hata sisi wanawake tunaijua hesabu hiyo.

Kenyatta Avenue ni pana kupita kiasi, na inaelezwa ni kwa sababu mkokoteni wa ng'ombe wengi ulihitaji nafasi ya kugeuka. Hapo kona ya Kimathi Street ipo hoteli ya Stanley. Ile ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1902, hii ya kona ilifunguliwa mwaka 1913, na imekarabatiwa mara nyingi hata mifupa yake ya zamani huioni tena. Ninachokipenda mimi ni mti wake wa mgunga. Wasafiri walikuwa wakibandika hapo barua: nimeenda Arusha, nifuate, nimekungoja siku tatu, nimechoka. Nafikiria ndoa ngapi zilianzia kwenye shina la mti huo, na ngapi ziliishia hapohapo.

Tukaendelea mpaka karibu na Loita Street, na hapo Mzee akasimama.

Ng'ambo ya barabara ni Kipande House. Kama hulijui jina, jengo umeshaliona: la mawe ya kuchongwa, zito, limekaa kwa heshima kati ya vioo vya majirani. Lilijengwa mwaka 1913 na Gurdit Singh Nayar, na kwa miaka mingi hapakuwa na jengo refu kuliko hilo Nairobi nzima. Mwanzo lilikuwa bohari la mambo ya reli. Baadaye likawa mahali ambapo mwanamume Mwafrika alikwenda kuandikishwa na kupewa kipande. Benki ya KCB ililinunua mwaka 1976, na leo unaweza kuingia ukatoa pesa, ukatoka.

Mume wangu alitaka tuvuke. Mzee akasema, "Mimi hapo siingii."

"Baba, ni benki tu."

"Najua ni benki. Siingii."

Vijana wa Kenya bado wanakiita kitambulisho "kipande", bila kujua wanasema nini. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Tajiri asipotia sahihi kwamba amekuruhusu, wewe huwezi kuandikwa kazi kwingine. Ukiondoka, ni mtoro, na utafutwaye. Karatasi hiyo ilitiwa kwenye kijisanduku cha chuma, ukakivaa shingoni kwa kamba. Watu walikilinganisha na kengele ya mbuzi. Kipande kilikuwa kati ya mambo yaliyomwinua Harry Thuku, na alipokamatwa, Machi 1922, umati uliokwenda kudai aachiliwe ulipigwa risasi karibu na hoteli ya Norfolk. Mfumo wenyewe ulidumu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940.

Hayo niliyajua kwa kusoma. Nisilolijua, na mume wangu hakulijua vilevile akiwa na umri wa miaka 44, ni kwamba babu yake alisimama kwenye mstari wa jengo hili. Mzee alisimulia pale pale kando ya barabara, mgongo ukiwa kwenye nguzo ya taa, matatu zikipiga honi. Babu alitembea kutoka upande wa Machakos na kaka yake. Walipewa vipande siku moja. Kaka alipata kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Thika, tajiri akamkatalia sahihi, akatoroka, akafungwa. Babu hakuwahi kutoroka. Miaka kumi na minne alikivaa. Alipokufa, kijisanduku kilikutwa chini ya kitanda, kimefungwa kwenye kitambaa.

"Kiko wapi sasa?" mume wangu akauliza.

"Ninacho."

"Baba, tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa. Hukuwahi kuuliza."

Nilitamani kusema kitu, nikameza. Kuna wakati mke anatakiwa kuwa mti. Mume wangu alivuka barabara peke yake, akaenda mpaka ukutani, akaweka kiganja juu ya jiwe. Nilimwona anapitisha vidole kwenye viungio, kama anavyofanya akikagua kazi ya mafundi wake. Aliporudi alisema kazi ya uashi ni safi mno, viungio vyembamba, jiwe halijapasuka kwa zaidi ya miaka mia moja. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikajipa moyo, nikauliza swali letu la mezani: jengo kama hili lenye uchungu, ni la kubaki au la kuvunjwa?

"Libaki," Mzee akasema. "Na mimi siingii. Yote mawili."

Sijapata jibu bora zaidi ya hilo, na nimesoma mengi.

Mwisho wa barabara hiyo, kwenye kona ya Uhuru Highway, kuna ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, nayo ya mwaka 1913, iliyochorwa na Rand Overy. Leo ni jumba la sanaa, Nairobi Gallery, lililofunguliwa mwaka 2005, na tangu 2013 limehifadhi mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais. Wazungu wa enzi zile walilipa jina la mzaha, kwa sababu vizazi, ndoa na vifo vyote viliandikwa humo. Na ndipo umbali wa barabara za Kenya ulipoanza kuhesabiwa. Ukitaka kumpeleka mpenzi wako mahali penye maana bila kutumia pesa nyingi, mpeleke hapo. Mketi ndani, chini ya kuba, ambapo kelele za highway hupungua. Kisha mwambie watu wangapi waliandikishwa mume na mke ndani ya kuta hizo. Akikaa kimya, ni dalili njema. Akiangalia simu, basi umeshajua.

Tulirudi kwa njia ya Banda Street. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, ina nguzo, ina simba wawili mlangoni, na ina sheria yake yenyewe ya Bunge ya kuilinda. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, uko jirani kabisa, pamoja na kuba zake. Pembeni ni soko la City Market la miaka ya 1930, na wauza maua wake ambao wamesuluhisha ugomvi wa ndoa kuliko wachungaji wengi.

Neno moja la vitendo. Ukitaka kuziona nyumba, nenda Jumapili asubuhi, maduka yamefungwa na barabara ni zako. Ukitaka Biashara Street, nenda Jumamosi. Vaa viatu vya chini, na usipige picha majengo ya serikali kabla ya kumwomba askari wa mlangoni. Mara nyingi anataka kuamkiwa tu.

Biashara Street ndiyo iliyoitwa Bazaar Street, na kwangu ndiyo mtaa ulio hai kuliko yote ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyeugeuza makumbusho. Mombasa nako tuna Biashara Street yetu, na kwa leso sisi ndio wenyewe, lakini sitaidharau hii. Maduka ni membamba mbele na marefu ndani kama pango. Vitambaa vimepangwa mpaka darini, na ukiangalia juu ya rafu utaona mbao za zamani. Huku mama mjamzito ananunua shali ya mtoto, kule bibi harusi anachagua vikoi vya wakwe. Mume wangu aliniuliza, kwa sauti ya chini, ghorofa ya juu hukaa nani. Stoo, nikamwambia. Akaanza kupiga hesabu ya kubadilisha ngazi na paa, bila kugusa uso wa nyumba. Nilimwacha ahesabu.

Mzee alitaka leso ya mama mkwe. Muuzaji alimfungulia moja nyekundu. Akaisogeza mpaka karibu na pua, akaona rangi, maandishi yakamshinda. Akanipa mimi.

"Soma, mwanangu. Inasemaje?"

"Umeyataka mwenyewe."

"Lo! Hiyo hapana," akasema, akiirudisha haraka mezani. "Hiyo ataona namsema. Tafuta nyingine."

Mume wangu alikuwa ameshaanza kufungua ya pili.